Mwaka wa Mtu wa Friji

Siku tatu baada ya kuanua matanga ya Mama Sabina, binti yake alikuja kwangu akiwa na simu ya marehemu, ameifunga kwenye leso kama mtu anayebeba mayai. Nilikuwa barazani. Akapiga hodi, akaingia, akainama kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama. Tunazoea tu." Akakaa kwenye kigoda kile kile alichokuwa akikalia mama yake, bila kujua. Akafungua leso. "Nilikuwa nasafisha simu ya mama nimpe shangazi. Nimekuta hiki." Akaniwekea simu mkononi. Kwenye kioo alisimama mtu mdogo amevaa tai na kaptula, mgongoni amebeba friji, mbele yake mto, na juu ya mto gogo moja. Sikuhitaji miwani kumtambua. Sabina akaendelea: "Mama alituambia mwaka ule wa kaka Fidelis wewe ulimsalia kila siku mchana, na yeye anakaa na wewe hapa. Hata simu hii alisema anainunua ili akae nayo kama Mwalimu. Mimi nikajua ni rozari. Sasa hiki ni nini?"

Nimekuwa katekista wa kigango hiki cha upande wa Lupiro tangu nikiwa kijana, na huku katekista anaitwa mwalimu mpaka anaingia kaburini. Nimejibu maswali ya watoto wa komunyo, ya wachumba, ya wazee waliotaka kubatizwa wakiwa wanakata roho. Lakini swali lile nililiahirisha. Nikamwambia mtoto wake anaita, na kweli alikuwa anaita, kisha nikasema, "Njoo Jumapili baada ya ibada, tuongee vizuri." Akaniachia simu. Leo ni Ijumaa. Naandika haya nijue nitakachosema.

Wenzangu wanaosimulia maisha yao hutaja mwaka wa ujana uliowaumba. Mimi nilidhani nimeshaumbika. Mwaka ulionishika na kunifinyanga upya ulinikuta na miaka sitini na mmoja, Ijumaa moja ya Kwaresima, nikiwa nafunga vitabu sakristia. Nilisikia mkono wa kulia umekuwa wa mtu mwingine, kisha sakafu ikaja. Niliporudi kutoka hospitali Ifakara, mguu wa kulia ulikuwa unaburuzika, kidole gumba kimejikunja, mdomo umekwenda upande. Mke wangu, Mama Beatha, alihamishia kitanda chumba cha mbele ili nione barabara. Nilijifunza chumba kile kama mtoto anavyojifunza kusoma: ufa ukutani, jinsi mvua ilivyoanza kugonga bati upande wa jikoni kabla ya kufika kwangu. Alininywesha uji kwa mrija. Alitoa miiba ya perege kwa vidole, akaviringisha wali tonge dogo, akaniwekea mdomoni. Wageni walipokuja walishusha sauti mlangoni, wakaniuliza hali kwa kumtazama yeye. "Anakula?" "Anakula." "Anaongea?" "Anaongea, mwulize tu." Hawakuniuliza.

Lakini jambo lililonitisha silo hilo. Maneno ya kawaida yalinitoka kwa shida, nikiomba maji naweza kusema mlango. Sala zilitoka zote bila kukwama. Baba Yetu, Salamu Maria, Litania nzima, zilitiririka kama redio iliyosahauliwa imewashwa, na mimi nimelala pembeni nazisikiliza. Miaka yote nilifundisha kwamba kusali ni kuinua moyo. Mwaka ule mdomo uliinuka, moyo ukabaki kitandani. Nilijaribu usiku na mchana. Nilipofika Amina nilikuwa pale pale nilipoanzia. Sikumwambia mtu. Ungemwambia nani? Mimi ndiye niliyekuwa naambiwa na watu mambo ya aina hiyo.

Baada ya Pasaka binti yetu Beatha alikuja kutoka Morogoro na simu yenye kioo kikubwa. Aliniwekea masomo ya misa, rozari ya kusikiliza, na redio. Mtu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alikuwa amesema kile kidole gumba kifanyishwe kazi, hata mchezo wa simu unafaa, basi Beatha akaweka mchezo. "Baba, huu ni dawa," aliniambia. "Usiufikirie vibaya." Alijua kwa nini anasema hivyo. Nilikuwa mwalimu niliyeweka kapu mlangoni mwa darasa la kipaimara, kila simu inaingia humo, na nilikwisha kuhubiri kwamba mtu anayekaa saa nzima anasukumasukuma picha kwenye kioo ameigeuza roho yake kuwa toi.

Mchezo wenyewe ni upuuzi mtupu. Yule mtu wa tai na kaptula ana miguu isiyo na mfupa, kama mlenda. Chini ya kioo kuna alama mbili, moja mguu wa kushoto, moja wa kulia. Ukibonyeza, mguu unanyanyuka; ukichelewa kubonyeza mwingine, friji linamvuta nyuma, kiuno kinakunjika, anakalia kichwa chake. Ukiharakisha, miguu inapishana, anapiga uso chini, friji linamfuata taratibu na kumlalia. Kisha anaamka, tai yake vile vile, usoni katabasamu kadogo, anasimama mwanzo wa gogo anakungoja. Siku ya kwanza alianguka kabla hajapiga hatua. Nikabonyeza tena. Akapasuka msamba, friji likafunguka mlango, samaki mmoja akatoka, akateleza mpaka mtoni akaogelea. Nikasikia sauti ya ajabu chumbani. Mama Beatha alikuja mbio na mwiko mkononi, akidhani nimepaliwa. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa sijacheka tangu Kwaresima, na mdomo ule wa upande ulikuwa umesahau njia.

Nimefikiri sana kwa nini upuuzi ule ulinishika. Nadhani kwanza ni uzito. Friji halikuwepo, lakini kidole changu kililihisi. Vitu mle ndani vinaanguka kama vitu vinavyoanguka kweli. Nilipokuwa kijana, kabla ya daraja la mto ulioko kati yetu na Ifakara, nilivuka Kivukoni mara nyingi kwa mtumbwi na magunia ya mpunga, na mwili unajua mtumbwi unataka kupinduka kabla jicho halijaona. Kidole gumba kilichokufa kilianza kujua vile. Na pili, mtu yule hakunihurumia. Nyumba nzima ilikuwa inanihurumia. Nikidondosha kijiko, watu watatu wanainama na kusema pole. Yeye alianguka mara mia kwa kosa langu, akaamka mara mia, hakusema pole wala hakuomba pole. Niliburuza mguu wangu kwenda chooni nikamkumbuka, nikajicheka peke yangu nimeegemea ukuta. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, nakumbuka, kisha nikashtuka kuona kwamba hiyo ilikuwa shukrani ya kweli na sala zangu zote hazikuwa za kweli.

Kosa lilianzia dirishani. Jumuiya yetu ilikuwa imekutana uani, akina mama wanapepeta mchele huku wanangoja wenzao, na mimi nasikia kila neno. Mmoja aliuliza, "Mwalimu siku hizi kutwa yuko na simu. Anaangalia mpira?"

"Mpira gani?" alisema Mama Beatha. "Beatha kamwekea rozari humo. Anasali asubuhi mpaka jua linazama. Mdomo haupumziki, kidole hakipumziki."

"Kwenye simu?"

"Kwenye simu. Mkono wa kulia hauwezi kushika punje, basi anabonyeza."

"Jamani, wengine tuna mikono yote miwili na hatumalizi fungu moja."

Mama Beatha alikuwa hadanganyi. Mdomo wangu ulikuwa unatembea: nilikuwa nasema kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nilikuwa na nafasi ya kuita kupitia dirisha lile na kusema ukweli, na wangecheka, na jambo lingeisha. Nilinyamaza. Nilijiambia ulimi wangu ni mzito. Lakini ulimi haukuwa mzito kiasi hicho.

Wiki ile ile nia zikaanza kuja. Huku kwetu mtu akiwa na shida huandika nia yake kwenye kikaratasi cha daftari, akaipeleka kwa anayesali sana. Zilikuja kwa ajili ya wagonjwa, ya mtihani, ya ng'ombe aliyepotea wa jirani Msukuma, ingawa jirani mwenyewe si Mkatoliki. Mama Beatha aliziweka kwenye ungo mdogo karibu na kiti changu cha barazani. Nilizisoma zote, nikazitamkia Baba Yetu na Salamu Maria, mdomo ukafanya kazi yake ya redio, kisha nikachukua simu.

Mwezi wa sita alikuja Mama Sabina. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mjane, mwanamke wa maneno makavu aliyeweza kumnyamazisha mwenyekiti wa kijiji kwa kumtazama tu. Mwanawe Fidelis, dereva wa bodaboda kati ya Lupiro na Ifakara, alikuwa ameteleza kwenye tope la mwisho wa masika, pikipiki ikamlalia, mgongo ukavunjika. Alilazwa hospitali Ifakara, ng'ambo ya mto, na chini ya kiuno hakuwa na habari ya mwili wake. Mama yake alikwenda asubuhi, akarudi mchana ili binti yake Sabina apokee zamu. Hakuleta karatasi. Alisema, "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Nia yangu unaijua. Fidelis atembee. Nitakaa hapa wewe ukiendelea, sitakusumbua." Akavuta kigoda, akakaa kunitazama, ungo wa mchele mapajani, akaanza kuchagua mawe.

Nifanye nini? Niliwasha rozari ya kusikiliza, tukasali naye mafungu matano. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne nilichoka kujisikiliza. Nilizima sauti, nikamfungua mtu wa friji, mdomo ukaanza: kushoto, kulia. Alikuwa amekaa mbele yangu, haoni kioo. Akawa anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana, anachagua mchele au anamenya karanga, hasemi kitu. Mara moja moja aliuliza, "Unaendeleaje?" nami nikasema, "Pole pole." Nilikuwa nimemzoea kama mtu anavyozoea kivuli cha nyumba yake.

Siwezi kusema ni siku gani nilipotambua. Nadhani ni siku Mama Beatha alipokuwa anamwuliza habari za Fidelis na yeye akajibu, "Wanamnyanyua, miguu inaning'inia. Ukiiachia inakwenda inakotaka." Nilitazama chini. Yule mtu alikuwa amekunjika kwenye ukingo wa gogo, miguu imekwenda inakotaka, katabasamu usoni. Mama huyu alikuwa ameniomba mwanawe atembee, na mimi siku nzima nilikuwa namcheka mtu asiyeweza kutembea. Niliweka simu chini ya mto wa kiti. Siku tatu sikuigusa. Nilisali kwa mdomo mpaka midomo ikakauka, na siku tatu hizo moyo haukusogea hata kidogo, ila niliuona ubaya wake vizuri zaidi. Siku ya nne nilimchukua tena. Nilijiambia ni dawa ya kidole.

Mwisho wa mwezi wa nane, mpunga umeshavunwa, nilimvusha. Sijui nilifanya nini tofauti. Kidole kilisubiri mahali ambapo siku zote kiliharakisha, friji likayumba, likatulia, mguu wa kulia ukaja wenyewe kama wa mtu mwenye mfupa, na akashuka upande wa pili, akaliweka friji mlangoni pa nyumba, akakaa juu yake. Nilipiga kelele. "Amefika," nilisema, kwa sauti kubwa na kwa ulimi mwepisi kuliko siku zote za mwaka ule. Mama Sabina alisimama, karanga zikamwagika kwenye mkeka. Alinitazama usoni kwa muda. Hakuuliza nani amefika. Akafunga khanga yake vizuri, akaenda nyumbani kwa haraka, na jioni Mama Beatha aliniambia jirani amechinja jogoo wake wa pekee, anapika wali wa nazi, kesho anapeleka Ifakara.

Fidelis alikufa siku ya tano. Vidonda vya kulala vilikuwa vimemwingia kwenye damu. Walimrudisha juu ya daraja katika gari la wazi, na mimi niliona gari likipita, maana kitanda changu kilitazama barabara. Nilipelekwa makaburini kwa baiskeli ya magurudumu matatu, nikatamka sala zote bila kukosea hata moja.

Nilifikiri Mama Sabina hatakuja tena. Alikuja baada ya matanga, akavuta kigoda, akakaa na ungo wake. Nami nikaendelea. Sitaficha hilo. Kulikuwa na mto mwingine, na gogo jembamba zaidi.

Ikakaribia Oktoba, mwezi wa Rozari, jumuiya inapozunguka nyumba kwa nyumba kila jioni. Mwenyekiti wa jumuiya alikuja kuniambia, amefurahi kabisa, kwamba mwaka huu ufunguzi utakuwa kwangu, "na Mwalimu atatuongoza kwa ile simu yake, maana imeshasali kuliko sisi sote." Mama Sabina alikuwa pale. Mwenyekiti alipoondoka nilimgeukia Mama Sabina. Nikamwambia. Ilichukua muda, maneno yalikuja nje ya mpangilio, lakini nilimwambia yote: kwamba sikuwa nasali, kwamba ulikuwa mchezo, mchezo wa mtu anayeanguka, kwamba tangu Kwaresima sikuwa nimesali sala moja ya kweli kwa ajili ya mwanawe wala ya mtu yeyote.

Alimaliza karanga iliyokuwa mkononi. Akasema, "Najua. Nilikuwa namwona."

"Unamwona wapi?"

"Kwenye miwani yako, Mwalimu. Tangu siku ya nne. Amebeba sijui kabati, sijui nini."

"Friji."

"Haya, friji." Akaweka ungo chini. "Siku ya kwanza nilikasirika. Nikasema huyu mzee ananifanya mjinga. Nikataka kuinuka. Kisha nikaona anatembea kuelekea huku." Alinyoosha mkono. "Mimi nikikaa hapa, Ifakara iko kuliani. Kwenye miwani alikuwa anatoka kule, anavuka mto, anakuja nyumbani. Anaanguka, anaamka, anakuja. Nikasema basi, Mwalimu mzima hawezi kukaa na kitu hiki bure. Nitakaa nione kama atafika."

Kwangu mimi yule mtu siku zote alikuwa anakwenda.

"Akafika," alisema. "Nikachinja jogoo."

Ng'ombe walipita barabarani na vumbi lao. Mwishowe nikamwuliza lililokuwa linaniuma kuliko yote, kwa nini aliendelea kuja baada ya hapo, na alikuwa anajua. Alifikiri, kama mtu anayetafuta bei ya haki. "Nilikuwa nimezoea kumwona anaamka," alisema. Kisha akavuta kigoda, akakileta upande wangu, akakaa ubavuni. "Hebu nione vizuri mara moja. Kwenye miwani ni mdogo sana." Nilimpa simu. Alibonyeza mguu wa kushoto mara mbili mfululizo, yule mtu akazunguka kama pia, akakaa ndani ya friji, mlango ukafunga. Na Mama Sabina, aliyemzika mwanawe mwezi mmoja kabla, alicheka mpaka akalia, akalia mpaka nikaogopa, na mkono wake ulikuwa umeshika mkono wangu mbovu. Hapo ndipo niliposali. Haikuwa sala ya kitabu, wala haikuwa ndefu. Nilisema, Bwana, mwone. Moyo ukaenda pamoja na maneno. Sikuwa na nguvu ya kusema zaidi.

Mwenyekiti nilimwambia ulimi unanisumbua, rozari ikafunguliwa kwa mtu mwingine. Mama Sabina aliendelea kuja, sasa anakaa ubavuni, tunamcheka mtu wa friji pamoja, mpaka akanunua simu yake mwenyewe. Jumuiya haikuambiwa, na mpaka leo wapo wanaosema mwaka ule Mwalimu alisali kutwa. Nimewaacha waseme. Hilo ni langu, nitalijibu ninakokwenda. Niliweza tena kuongoza ibada mwaka uliofuata, na ninapofika kwenye ufufuko wa miili katika Kanuni ya Imani hukawia kidogo. Watu hudhani ni kiharusi.

*

Jumapili. Sabina alikuja, kama nilivyomwambia. Nilikuwa nimeandika kurasa zote hizi nimsomee, lakini alipokaa sikuzigusa. Nilimwambia kwa maneno machache: kwamba ni mchezo, kwamba sikuwa namsalia kaka yake wakati watu wanadhani namsalia, kwamba mama yake alijua, na kwamba aliponitangulia kunisamehe sikuwa hata nimeomba.

Aliikunja leso mkononi, akaikunjua, akaikunja tena. Nilingoja aseme atakalosema. Nilikuwa tayari kwa lolote, na wala sikuwa na haki ya kuchagua.

"Alicheka?" aliuliza. "Mama. Huko barazani kwako, alicheka?"

"Alicheka, mwanangu. Mara nyingi."

"Nyumbani hakucheka tena. Tangu kaka."

"Hapa alicheka."

Akainuka, akavuta kigoda mpaka ubavuni kwangu. Simu ya mama yake ilikuwa bado na chaji kidogo. Akaweka kidole kwenye mguu wa kushoto, mimi nikaweka gumba langu bovu kwenye mguu wa kulia. Tulichelewa wote wawili. Mtu wa friji akakunjika kiuno, akaanguka chali mtoni, maji yakaruka. Tuliinama juu ya kioo tukingoja aamke.